Umeninyima Kosa Langu

Kidia, Old Moshi
14 Januari 2001

Mwanangu Elinipendo,

Marahaba. Naitanguliza kwa sababu nakujua: ukifungua bahasha utatoa shikamoo kwa sauti hata kama uko peke yako chumbani.

Huku hatujambo. Goti la mama mdogo wako Esther limetulia tangu aache kushuka soko la Rau na mkungu wa ndizi kichwani. Siku hizi anamtuma mtu, kisha anashinda akilalamika kwamba amepunjwa. Ng'ombe mweusi amezaa mtamba, na maziwa tunapeleka kituoni kila asubuhi. Habari ya kahawa ni ya kusikitisha. Bei imeanguka hata jirani yetu wa chini ameng'oa mibuni yote akapanda nyanya. Mimi sijang'oa. Ile mibuni babu yako aliipanda na marehemu baba yako akimshikia miche, na sitaki kuwa mimi niliyeshika jembe. Kaka yako Godwin amepata leseni ya kuongoza watalii mlimani. Anasema "wateja wangu" utadhani ni daktari.

Sasa jambo lenyewe. Tangu nilipostaafu nimekuwa nikiandika kijitabu cha fizikia kwa Kiswahili, kwa ajili ya vijana wa kidato cha tatu na cha nne, na kwa mtu mzima yeyote anayeona haya kuuliza. Kinahusu kazi yako ya huko Ulaya, ya kupima nyutroni, ile chembe isiyo na chaji iliyomo ndani ya kiini cha atomu. Bwana Rajendra mwenye matbaa pale mjini amekubali kukichapa, na shule yangu ya zamani itakigawa siku ya mahafali, mwezi wa kumi na moja. Jina langu litakuwa kwenye jalada. Nina miaka sitini na sita na sijawahi kuliona limechapwa mahali popote isipokuwa kwenye ratiba ya vipindi.

Nimekufungia nakala. Nikueleze nilivyoanza, uone kama njia ni nzuri. Wengi wanadhani ukitaka kujua kama ziko chembe nzito ambazo hazijapata kuonekana, lazima ujenge mtambo mkubwa wa kugonganisha vitu kwa nguvu nyingi. Nimesema iko njia ya pili. Chukua timazi la fundi mwashi, ulining'inize pale Moshi mjini siku ambayo mlima umejifunika wingu. Uzi utaelekea chini, lakini si chini kabisa. Mlima, kwa uzito wake, unalivuta timazi kidogo mno upande wa kaskazini. Mwenye kipimo chema cha kutosha, akililinganisha na nyota, angejua kuna mlima bila kuuona na bila kuupanda.

Ndivyo mnavyofanya ninyi. Wataalamu wa nadharia wanasema huenda kila chembe tunayoijua ina pacha wake mzito. Mpango huo wa mapacha nimeuita ulinganifu mkuu. Mapacha wenyewe hawaonekani, lakini kama wapo, wataivuta nyutroni kidogo, hata chaji chanya na chaji hasi zilizomo ndani yake zisikae katikati sawasawa: moja ielekee ncha hii, nyingine ncha ile. Wengine wanajenga mitambo ya kuupanda mlima. Ninyi mnaning'iniza timazi.

Sidhani kama hata Profesa wako amewahi kulieleza hivyo. Barua yako ya Noeli ilimtaja mara nyingi kuliko ilivyomtaja Mtoto Yesu. Profesa amesema hivi, Profesa amecheka vile, Profesa anakula jibini lenye ukungu. Nafurahi kwamba umepata mwalimu mzuri. Nakukumbusha tu kwamba sumaku ya kwanza uliyoishika maishani niliichomoa mimi kwenye redio mbovu.

Soma, kisha niambie ukweli.

Baba yako mdogo,
Elisaria

&nbsp;

2 Machi 2001

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimeitoa kwa sauti, na mwenzangu wa chumba cha pili amegonga ukuta kuuliza nasema na nani.

Mimi ni mzima. Theluji imeanza kuyeyuka na barabara zimekuwa matope, kama kwetu wakati wa masika, ila bila harufu ya migomba. Mpe pole Mama mdogo na goti lake. Mwambie kaka Godwin kwamba hapa watu wakisikia natoka Kilimanjaro wanauliza kama nimefika kileleni, nami nawajibu kwamba nyumbani nilikuwa na kazi.

Kijitabu nimekisoma chote. Ni kizuri sana, Baba mdogo. Timazi limenifurahisha.

Kazi inaendelea. Nyutroni zetu tunazipoza mpaka zinakwenda mwendo wa mtoto anayekimbia, kisha tunazifungia kwenye chupa dakika mbili hivi kabla hazijatoroka au kufa. Kila moja inazunguka kama pia ya kuchezea. Tunaweka umeme mkali juu na chini ya chupa, tunapima kasi ya kuyumba kwake, halafu tunageuza umeme na kupima tena. Kama nyutroni ina ncha chanya na ncha hasi, kasi hizo mbili zitatofautiana. Tofauti ni ndogo mno: ukiikuza nyutroni iwe kubwa kama dunia, tunachotafuta ni chembamba kuliko unywele. Nashinda kutwa nikitafuta vitu vinavyoweza kutudanganya: lori likipita nje, lifti ya jengo la jirani, mtu aliyesahau funguo mfukoni.

Wiki iliyopita nilimkosoa Profesa mbele ya kundi zima. Alikuwa anaandika hesabu ubaoni nikaona alama imegeuka, jumlisha badala ya kutoa. Nikamwambia. Akautazama ubao, akanitazama mimi.

"Umeliona lini?"

"Ulipoliandika."

"Basi kwa nini umeniacha nifike chini ya ubao?"

Watu walicheka. Alifuta yote, akaanza upya, na baadaye akaninunulia kahawa. Pakiti yake imeandikwa Kilimanjaro. Nilimwambia hiyo ni ya baba yangu mdogo, akaamini.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Elinipendo

&nbsp;

Kidia, Old Moshi
Jumatatu ya Pasaka, 16 Aprili 2001

Mwanangu Elinipendo,

Marahaba. Barua yako imechukua wiki tano kufika. Sijui ilikuwa inapanda mlima upi.

Mvua ni nzuri. Jana kanisani kwaya imeimba mpaka mchungaji akafupisha mahubiri, jambo ambalo limemfanya apendwe zaidi. Tumekula mtori wa ndizi mbichi na nyama ya mbuzi. Mama yako alipanda kutoka Soweto, pale Moshi mjini, akashinda nasi, akasema umekonda kwenye picha. Nilimweleza kwamba lenzi ya kamera pembeni huvuta vitu, lakini hakupenda maelezo.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Kijitabu changu kina kurasa hamsini na mbili, nawe umekipa sentensi tatu. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na sikumbuki mwanafunzi ambaye kazi yake yote ilikuwa nzuri sana. Hata wewe. Profesa wako amekosea alama moja, naye amepata mazungumzo neno kwa neno, vicheko na kikombe cha kahawa.

Mama mdogo wako anasema nina wivu. Nimemweleza tofauti iliyopo kati ya wivu na hamu ya kujua. Akasema nimweleze tena, maana mara ya kwanza nilikuwa nimekunja uso.

Labda hukuwa na nafasi ya kusoma kwa utulivu. Kwa hiyo nakuandikia hapa ukurasa mmoja, wa kumi na tisa, ambao naupenda kuliko yote. Pale naeleza kwa nini ncha mbili za nyutroni ni jambo kubwa hivyo. Nimeanza na swali la zamani: kwa nini ulimwengu una maada, na ile maada kinyume iliyozaliwa nayo imekwenda wapi. Zingekuwa sawa kabisa, zingefutana zote na sisi tusingekuwapo. Kwa hiyo mahali fulani lazima kanuni za maumbile zipendelee upande mmoja: ukibadilisha kila chaji na kuutazama ulimwengu kwenye kioo, usiende vilevile. Upendeleo huo umeshaonekana, lakini ni mdogo, hautoshi. Na wataalamu wamethibitisha kwamba kuvunja ulinganifu huo ni sawa na kuvunja ulinganifu wa muda, yaani maumbile kutofautisha kwenda mbele na kurudi nyuma. Ndipo nikaandika hivi:

"Chukua pia ya mtoto. Ipake ncha ya juu rangi nyekundu. Hiyo ndiyo chaji chanya. Izungushe. Sasa urudishe muda nyuma, kama unavyopindua kikombe. Nyekundu iliyokuwa juu inakwenda chini, ila mzunguko unabaki uleule. Pia hii si ile ya kwanza. Kama maumbile yametengeneza ile ya kwanza peke yake, basi maumbile yanaujua muda."

Niambie, Profesa ana pia?

Nikwambie na jambo ambalo sijakwambia. Mwaka 1969 nilipata nafasi ya kwenda kusoma shahada ya pili huko huko uliko, kwenye nyutroni hizo hizo. Nikaambiwa shule haina mwalimu mwingine wa fizikia, nami nikasema nitangoja mwaka mmoja. Sijutii. Wanafunzi wangu wako kila mahali. Lakini nikisoma kwamba wewe unazifungia nyutroni kwenye chupa, kuna asubuhi nyingine uji unanishinda.

Nijibu kuhusu ukurasa wa kumi na tisa.

Baba yako mdogo,
Elisaria

&nbsp;

30 Juni 2001

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nashukuru kwa habari za Pasaka. Nilitamani mtori mpaka nikajaribu kuupika kwa ndizi za dukani. Zilikuwa ndizi za kuiva. Sitasema zaidi.

Sikujua habari ya mwaka 1969. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili.

Tumemaliza kupima. Sasa tunasahihisha. Iko namba ya siri ambayo mtu mmoja asiye wa kundi letu ameiongeza kwenye vipimo vyetu vyote. Hakuna kati yetu anayeijua, hata Profesa. Tunatafuta makosa yetu yote kwanza, tunabishana mpaka hakuna mwenye la kusema, ndipo mtu yule ataitoa namba yake na sisi tutaliona jibu. Ni kwa sababu mtu akishaliona jibu linalompendeza huacha kutafuta makosa. Si kwa ujanja. Anaacha tu, anahisi amemaliza.

Kuhitimu au kutohitimu kwangu mwaka huu kunategemea hesabu hiyo, kwa hiyo silali vizuri.

Kuhusu kijitabu sina la kuongeza. Ukurasa wa pia umeandikwa kwa lugha nzuri.

Nakufungia picha ya kundi letu. Profesa ni yule mwenye soksi zisizofanana.

Mwanao,
Elinipendo

&nbsp;

Kidia, Old Moshi
19 Agosti 2001

Elinipendo,

Hatujambo. Ng'ombe hajambo, mtamba hajambo, goti halijambo.

Alhamisi nilishuka mjini kukagua kurasa za majaribio. Bwana Rajendra alikuwa na mwanawe Jaimin, uliyesoma naye, ambaye amekuja kutoka London kwa ajili ya arusi ya dada yake Anisha. Unajua kwamba fizikia nilimfundisha mimi. Alikuwa amekaa juu ya kaunta anasoma kurasa zangu, akashuka haraka aliponiona.

"Shikamoo, Mwalimu. Mwalimu, hapa ukurasa wa kumi na tisa. Naomba kuuliza."

"Uliza."

"Hii pia. Muda ukirudi nyuma..." Akasita. "Pendo bado hajakwambia?"

"Aniambie nini?"

"Jaimin," akasema baba yake bila kuinua kichwa kwenye mashine, "kamletee Mwalimu soda."

"Si nilimwandikia jana, Baba? Nilikwenda pale kwenye kompyuta za kukodi nikamtumia barua pepe, nikamwuliza kama yeye ameona vilevile." Akanigeukia. "Alijibu hapo hapo, hata sijalipia muda. Amesema ameliona tangu Februari. Amesema nisikwambie, yeye anatafuta namna."

"Soda gani, Mwalimu?" akauliza Rajendra.

Nilikunywa soda. Sikumbuki ilikuwa gani.

Nimekaa siku tatu kabla ya kukuandikia, kwa sababu nilitaka kuandika kwa utaratibu. Nakueleza hoja yangu kama ningemweleza mtu mwingine yeyote.

Ulipokuwa na miaka kumi na minne nilikuwa nikikurudishia daftari limejaa wino mwekundu. Ulikuwa unalia, kisha unarudi. Wenzako niliwaandikia "vizuri" wakaenda zao. Jaimin mwenyewe nilimwandikia "vizuri" mara nyingi, kwa sababu sikuona faida ya kujichosha. Wewe nilikusahihisha kwa kuwa niliona utafika. Mtu hasahihishi kazi ya mtu asiye na thamani kwake.

Sasa Profesa anakosea alama ubaoni kwake, nawe unampa kosa lake hapo hapo, kabla vumbi la chaki halijatua. Jaimin anauliza kwa mashine, nawe unamjibu hapo hapo, mambo yanayonihusu mimi. Mimi umenipa "kizuri sana" mara ya kwanza, na "lugha nzuri" mara ya pili. Februari, Machi, Aprili, Mei, Juni. Umenisalimia vizuri, umeuliza habari za goti, na umeninyima kosa langu.

Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba mtu akiona jibu linalompendeza huacha kutafuta. Hukuona ulikuwa unanifanyia hivyo?

Jaimin alitaka kunieleza. Nimemkataza. Alianza kuchora kwenye karatasi, nikaigeuza karatasi kifudifudi. Ningeweza kukaa nyuma ya nyumba na pia mkononi nikalitafuta mwenyewe, na huenda nikalipata. Sitaki. Nimemwambia Rajendra auache ukurasa ulivyo, na kwamba barua itakuja. Amenipa mpaka mwisho wa Oktoba. Baada ya hapo mashine inaanza ili kiwahi mahafali. Barua isipofika, kitachapwa na kosa lake, na jina langu juu yake, na watoto mia nne watalibeba nyumbani.

Mama mdogo wako amesema maneno ambayo sitayaandika. Kwa kifupi, amesema mimi ni mkaidi kuliko ng'ombe mweusi, na kwamba ni bora ng'ombe kwa sababu anatoa maziwa.

Elisaria

&nbsp;

Kidia, Old Moshi
7 Oktoba 2001

Mwanangu,

Hatujambo, nasi tunaomba uwe mzima. Nimekwenda posta Jumatatu na Alhamisi, wiki zote. Rajendra jana ameniuliza, "Mwalimu, hii barua inatoka Ulaya au inatoka mwezini? Karatasi nimeshakata." Nimemwambia angoje. Amesema yeye atangoja, karatasi itangoja, ila mkuu wa shule hangoji.

Sina hasira tena. Hiyo si kweli, lakini nimeipunguza.

Baba yako mdogo,
Elisaria

&nbsp;

18 Oktoba 2001

Ukurasa wa kumi na tisa ni mbovu wote, kuanzia pale pia inapoanza kuzunguka mpaka mwisho.

Umeeleza kitu kimoja ukakipa jina la kingine. Ulichokieleza ni kioo. Laza kioo mezani, simamisha pia juu yake, tazama ndani: nyekundu iko chini, na mzunguko ni uleule. Hiyo ni sahihi, na ni sehemu ya hadithi, lakini si muda. Umechukua jibu la kioo ukalipa muda.

Muda hauwi kama kikombe kilichopinduliwa. Tulipokuwa kidato cha pili ulituonyesha ile filamu ya shirika la maziwa, halafu ukaiendesha kinyumenyume ili tucheke. Maziwa yalipanda kutoka kwenye ndoo yakarudi kwenye chuchu. Magurudumu ya mkokoteni yalizunguka kinyume. Lakini ng'ombe hakusimama kichwa chini miguu juu. Pembe zilibaki juu na kwato zilibaki chini. Ndivyo na pia: ukirudisha muda, mzunguko ndio unaogeuka, na nyekundu inabaki pale pale ilipokuwa, juu. Umegeuza kisichogeuka ukakiacha kinachogeuka.

Utasema hitimisho ni lilelile, kwamba kwa njia zote mbili nyekundu na mzunguko vinaachana. Ni kweli, na ndiyo sababu kosa hili ni baya zaidi. Mtoto atapata jibu sahihi kwa njia isiyokuwepo, na hakuna atakayemkamata. Wewe ulikuwa unanipa sifuri kwa jibu la namna hiyo. Nakupa sifuri.

Neno "yanaujua muda" libadilishe. Maumbile hayajui kitu. Na aya ya mwisho ya ukurasa, inayosema kwamba tukiziona ncha mbili ulinganifu mkuu utakuwa umethibitishwa, ifute. Timazi likivutwa linasema kuna kitu kizito. Halisemi ni mlima gani. Tukiziona, tutajua kuna kitu kipya. Tusipoziona, tutajua mapacha wale, kama wapo, si wa namna wengi walivyotarajia. Andika hivyo, hata kama haipendezi.

Barua hii nimeianza mara nyingi tangu Februari. Kila mara nilianza na shikamoo, na kila nikishaiandika, sentensi iliyofuata ilikataa. Haiwezekani kuinama na kunyoosha kidole kwa wakati mmoja. Halafu nikagundua jambo jingine lililonitia aibu. Kukosoa nimejifunzia kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili najua kusalimia, kushukuru na kuomba radhi. Profesa namwambia "hapo umekosea" kwa lugha ambayo mama yangu haielewi, na kwangu ni kama mtu mwingine ndiye anayesema. Jaimin tuliandikiana kwa Kiingereza vilevile. Kukuandikia wewe ukurasa huu kumenichukua siku nne na kamusi mbili, na nimelia zaidi ya nilivyolia kwa ule wino mwekundu.

Na usiseme nilikuwa nikikuheshimu. Nilikuwa nakuogopa, na nilikuwa nakuhurumia, na hilo la pili ndilo linalohitaji msamaha.

Namba ya siri imetolewa Jumanne. Jibu letu ni sifuri, ndani ya kiwango cha makosa yetu. Nyutroni haijaonyesha ncha. Nilikuwa nimeshajitayarisha kufurahi, na kwa dakika chache sikujua mikono niiweke wapi. Profesa alisema sifuri iliyopimwa vizuri ni kazi ya maana, na ni kweli, nadharia kadhaa zimepata taabu asubuhi ile. Nitahitimu Desemba.

Naituma kwa posta ya haraka. Ikiwahi, mpe Rajendra ukurasa mpya ulioandikwa kwa mkono wako, si wangu.

Shikamoo, Baba mdogo. Nimeiweka mwisho ili isizibe njia.

Elinipendo

&nbsp;

Kidia, Old Moshi
2 Desemba 2001

Mwanangu Elinipendo,

Marahaba.

Barua iliwahi. Godwin aliichukua posta akitoka kupokea wateja wake, akaja nayo matbaa, akanikuta nimekaa juu ya kiti cha Rajendra kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Niliisoma pale pale. Ilipoanza bila salamu, nikadhani ukurasa wa kwanza umepotea, nikatazama ndani ya bahasha. Kisha nikaelewa, na iliniuma, mwanangu, usidhani haikuniuma. Nilifika kwenye ng'ombe wa filamu nikalazimika kutoka nje. Rajendra alimwambia Godwin, "Mwache, anasahihishwa."

Niliuandika ukurasa upya juu ya kaunta, kwa saa mbili, na Jaimin akawa ameshaondoka, jambo ambalo lilinifaa. Nyekundu inabaki juu. Aya ya mwisho nimeifuta na kuandika kama ulivyosema, hata kama haipendezi. Maneno "yanaujua muda" nimeyabadilisha, lakini kwa shingo upande, na bado nadhani mtoto angeyaelewa kuliko haya niliyoweka badala yake. Kama una hoja ilete. Kusema tu kwamba maumbile hayajui kitu si hoja.

Mahafali yamekwisha salama. Jina langu liko kwenye jalada, jeusi, nalo limekaa upande kidogo kwa sababu Rajendra alikuwa na haraka. Mkuu wa shule alisimama akasoma ukurasa wa kumi na tisa kwa sauti, bila kujua. Mama mdogo wako alinikanyaga mguu chini ya meza.

Nimefikiri habari ya sifuri yako. Mtu mwingine angekupa pole. Mimi nakupongeza, kisha nakuonea wivu, kwa sababu sijawahi kupima kitu chochote vizuri kiasi cha kuwa na haki ya kusema hakipo. Ule wivu wa mwaka 1969 nao haujaisha. Ukija nyumbani baada ya kuhitimu ukanikuta nimenyamaza wakati watu wanakusifu, ujue ni huo, usiulize.

Habari ya Profesa nimeimaliza, au karibu. Nimezilinganisha barua mbili mezani. Yeye ulimkosoa alama moja. Mimi umenikosoa ukurasa mzima.

Rajendra anasema tukikimaliza hiki atachapa toleo la pili mwakani. Sura ya tano, ile ya mapacha, hujaigusa hata kwa neno moja. Niliiandika nikiwa na homa, nayo haiwezi kuwa nzuri kiasi hicho. Kalamu nyekundu iko kwenye droo ya meza yangu, upande wa kushoto. Njoo nayo mezani kabla hujala.

Baba yako mdogo,
Elisaria